Michoro ya Kale ya Japani na Deni la Anayeikusanya

Tarehe 20 Desemba 1919, kundi la matajiri wa Japani, wengi wao wakereketwa wa sherehe ya chai na wakusanyaji wa sanaa ya kale, walikutana nyumbani kwa Masuda Takashi, kigogo wa kampuni ya Mitsui, huko Gotenyama, Tokyo, wakavuta kura kugawana mchoro mmoja. Mchoro wenyewe ulikuwa magombo mawili marefu ya karne ya 13, yenye sura za washairi 36 mashuhuri wa kale, kila mmoja na shairi lake kando, na kwa vizazi vingi ulikuwa hazina ya ukoo wa Satake, mabwana wa Akita. Ukoo huo uliuuza mwaka 1917. Mnunuzi alikuwa tajiri wa meli aliyeneemeka kwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vilipokwisha biashara ikayumba, naye akalazimika kuurudisha sokoni. Hakutokea hata mmoja aliyeweza kuulipia wote peke yake. Ndipo ikaamuliwa ukatwe: washairi 36 na mandhari ya hekalu la Sumiyoshi, jumla vipande 37, kila kimoja na bei yake. Wanawake waliovaa mavazi ya tabaka juu ya tabaka walikuwa ghali kuliko watawa wenye majoho yasiyo na mapambo, na inasimuliwa kwamba Masuda, aliyekuwa akimtamani binti wa kifalme Saigu Nyogo, alipoangukiwa na mtawa alikasirika waziwazi, hadi mwenzake aliyempata binti huyo akaona afadhali amwachie.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kwa kicheko. Hata hivyo, walioshika mkasi siku ile hawakuwa washamba wa sanaa. Walikuwa miongoni mwa watu walioifahamu vizuri zaidi nchini mwao, na kila mmoja alikipeleka kipande chake kwa fundi kikawambwe kwa hariri teule, kikawa gombo la kutundika katika chumba cha chai. Wapo wanaowatetea kwa hoja kwamba bila kukatwa mchoro ule ungeuzwa ng'ambo ukapotea kwa Wajapani. Huenda. Lakini makumbusho ya taifa ya Kyoto yalipojaribu kuwakutanisha washairi hao mwaka 2019, karne moja baada ya kukatwa, yaliweza kupata vipande 31 tu kati ya 37, na hilo lenyewe lilihesabiwa kuwa mafanikio makubwa. Ninachotaka kudai hapa ni kwamba mkusanyaji wa michoro ya kale ya Japani hawezi kupimwa kwa jicho lake wala kwa mapenzi yake, kwa kuwa Masuda alikuwa navyo vyote viwili. Kipimo ni namna kitu kinavyotoka mikononi mwake: kikiwa kizima au vipande, pamoja na kumbukumbu zake au bila kumbukumbu, kikielekea mahali pa kuonekana au pa kufichwa.

Kuna sanaa ambazo kipimo hicho kingekuwa kikali mno. Sanamu ya shaba inaweza kupitia wamiliki wabaya kumi ikabaki sanamu. Michoro ya Japani haiko hivyo, na kiwambo cha kukunja, byobu kwa jina lake la nyumbani, ndicho mfano ulio wazi zaidi. Viwambo vilifika Japani kutoka bara kupitia Korea. Kitabu cha kale cha kumbukumbu za ufalme, Nihon Shoki, kinavitaja miongoni mwa zawadi zilizoletwa na ufalme wa Silla mwaka 686. Mwanzoni kila paneli ilikuwa na fremu yake, na paneli zilifungwa pamoja kwa kamba au ngozi, kwa hiyo mchoro ulikatizwa kila hatua. Mafundi wa Japani walikuja kubuni bawaba za karatasi, zinazopishana mbele na nyuma ya paneli kiasi kwamba kiwambo hukunjika pande zote mbili na nafasi kati ya paneli karibu haionekani. Hapo mchoraji alipata uwanja mmoja wa paneli sita, urefu wa zaidi ya mita tatu, na kwa kuwa viwambo kwa desturi hutengenezwa viwili viwili, akapata uwanja wa pili wa kukamilisha wa kwanza.

Ndani ya uzuri huo mna mbao nyepesi zilizounganishwa kama kimia, na juu yake tabaka kadhaa za karatasi zilizobandikwa kwa gundi ya wanga wa ngano. Mafundi wa zamani hawakupoteza karatasi. Tabaka za ndani mara nyingi ni daftari za mapato, barua na hati kuukuu, kiasi kwamba fundi anayebomoa kiwambo ili akitengeneze upya anaweza kukuta humo kumbukumbu ambazo wanahistoria hawakujua kuwa zipo. Juu kabisa ndipo penye mchoro: rangi ya buluu na ya kijani zilizosagwa kutoka kwenye mawe, nyeupe iliyosagwa kutoka kwenye maganda ya chaza, zote zikishikiliwa na gundi ya ngozi ya mnyama, na nyuma yake dhahabu iliyofuliwa hadi ikawa nyembamba kuliko karatasi. Dhahabu haibadiliki, lakini fedha huwa nyeusi, na miezi mingi iliyong'aa katika viwambo vya zamani leo ni miduara myeusi. Gundi ya ngozi huchoka, rangi ikaanza kupukutika. Hewa kavu ya nyumba za Ulaya na Marekani zinazopashwa joto wakati wa baridi hukaza karatasi hadi ikapasuka kwenye kingo. Hewa yenye unyevu huleta madoa ya ukungu na wadudu. Ndiyo maana gombo la kutundika hutundikwa kwa majira tu, kisha likaviringishwa na kurudishwa katika sanduku la mti wa kiri, na ndiyo maana makumbusho za Japani huonyesha hazina zake za taifa kwa wiki chache tu kwa mwaka. Kila baada ya vizazi vichache kazi yote hubanduliwa na kuwambwa upya. Anayenunua kiwambo, basi, amenunua zamu ya kugharimia ukarabati ambao hauna mwisho.

Mwenye kujua hukisoma kiwambo kwa nyuma na pembeni kabla ya kukisoma kwa mbele. Tazama, kwa mfano, katikati ya urefu wa paneli, karibu na ukingo, kama kuna kiraka kidogo cha duara ambapo dhahabu haikukubaliana kabisa na dhahabu iliyokizunguka. Kiraka hicho ni jeraha la kitasa. Maana yake ni kwamba mchoro huo haukuzaliwa kuwa kiwambo. Ulikuwa mlango wa kuteleza katika hekalu au ngome, ukang'olewa, kitasa kikaondolewa, tundu likazibwa, mchoro ukapunguzwa na kubandikwa upya ili uweze kusafirishwa na kuuzwa. Mara nyingi mti uliochorwa unakatika ghafla ukingoni bila sababu, kwa kuwa tawi lake lilikuwa kwenye mlango wa jirani ambao ulikwenda kwa mnunuzi mwingine. Mnada hautakuficha jambo hilo ukiuliza, ila si kila muuzaji hulitaja usipouliza.

Magombo nayo yana mitego yake. Sanduku la gombo huwa na maandishi ya mchoraji mwenyewe au ya mjuzi aliyelikagua baadaye, na maandishi hayo hupandisha bei pengine kuliko mchoro. Matokeo yake ni kwamba sanduku zuri linaweza kuwekewa mchoro usio wake. Saini na muhuri ni ushahidi dhaifu zaidi, kwa sababu wanafunzi wa karakana walinakili kazi za walimu wao kama sehemu ya mafunzo, bila nia ya udanganyifu, na waliokuja baadaye wakawa na nia hiyo. Wajuzi nao hudanganyika: mwaka 1934 Tokyo ilitikiswa na mkusanyiko mzima wa michoro iliyosifiwa kuwa ya mabingwa wa zama za Edo (karne ya 17 hadi ya 19), ikabainika kuwa ni ya kughushi.

Turudi kwenye historia, kwa kuwa karibu kila mkusanyiko mkubwa tunaousifu leo ulijengwa juu ya kusambaratika kwa mwingine. Baada ya serikali mpya ya mfalme Meiji kutenganisha dini ya Shinto na Ubuddha mwaka 1868, mahekalu mengi ya Kibuddha yalishambuliwa, yakanyang'anywa ardhi, yakauza yalichokuwa nacho. Miaka michache baadaye mabwana wa majimbo walipoteza mamlaka na samurai wakapoteza posho, na hazina za koo zikafuata njia hiyohiyo. Katika soko hilo lililofurika aliingia Ernest Fenollosa, kijana Mmarekani aliyefika mwaka 1878 kufundisha falsafa katika chuo kikuu cha Tokyo, akakusanya michoro zaidi ya 1,000. Ajabu yake ni kwamba huyohuyo alishirikiana na mwanazuoni wa sanaa Okakura Kakuzo katika kazi ya serikali ya kukagua na kuorodhesha hazina za mahekalu, na akawahimiza Wajapani wasidharau sanaa yao. Kwa mkono mmoja alihifadhi, kwa mwingine akabeba. Nampa alama moja, nayo si ndogo: mwaka 1886 alipomuuzia mkusanyiko wake daktari Charles Goddard Weld wa Boston, aliweka sharti kwamba uende katika Makumbusho ya Sanaa ya Boston na ukae pamoja. Hadi leo uko huko, na viwambo vya mawimbi ya Matsushima vilivyochorwa na Ogata Korin ni miongoni mwake.

Ni makumbusho hayohayo yaliyoifanya Japani ifunge mlango. Mwaka 1932 yalinunua gombo la karne ya 12 linalosimulia visa vya waziri Kibi, mjumbe wa Japani aliyefungiwa mnarani huko China na kupewa mitihani ya kumwaibisha. Katika mmoja wa mitihani hiyo anashinda mchezo wa Go kwa kumeza kete ya mpinzani, kisha wenyeji wanamkagua kwa njia ambazo adabu inanizuia kuzieleza. Gombo lilikuwa limetangazwa sokoni Japani na halikupata mnunuzi wa bei iliyotakiwa. Lilipoondoka tu ndipo kelele zikaanza, na mwaka 1933 ikapitishwa sheria ya kuzuia usafirishaji wa vitu muhimu vya sanaa ambavyo havikuwa vimeandikishwa kama hazina za taifa. Sheria ya mwaka 1950, iliyokuja baada ya moto wa hekalu la Horyuji mwaka uliotangulia, ikakaza zaidi. Sheria hizo nazikubali, lakini zina upofu mmoja: zinaangalia mpaka wa nchi tu. Magombo ya Satake yalikatwa vipande 37 bila kuvuka bahari yoyote.

Mfano wa kinyume chake upo Tokyo. Mwaka 1913 hekalu kuu la Nishi Honganji la Kyoto, likiwa na shida ya fedha, liliuza sehemu ya hazina yake, na ndani yake mlikuwa na viwambo viwili vya maua ya irisi vya Korin: buluu na kijani juu ya dhahabu tupu, bila mto, bila daraja, bila mtu. Ukivitazama kwa makini utagundua kwamba vishada kadhaa vya maua vinajirudia kwa umbo lilelile, dalili kwamba Korin, mwana wa mfanyabiashara wa vitambaa, alitumia kigezo kilichokatwa kama watia nakshi wa nguo. Viwambo hivyo vilimfikia Nezu Kaichiro, tajiri wa reli, ambaye alivunja desturi ya kuvificha vitu kwa ajili ya wageni wachache wa chai. Alipofariki mwaka 1940 mali yake ikawa taasisi, na jumba la makumbusho likafunguliwa mwaka uliofuata. Kwa kawaida viwambo hivyo hutolewa ghalani kati ya Aprili na Mei, irisi zinapochanua katika bustani ya nje.

Kwa msomaji wa pwani yetu, kuna aina moja ya viwambo inayomgusa moja kwa moja. Tangu mwishoni mwa karne ya 16 wachoraji wa Japani walichora kuwasili kwa Wareno, katika viwambo vinavyoitwa vya namban. Upande mmoja kuna meli kubwa nyeusi, upande wa pili msafara unaingia mjini. Katika viwambo vya Kano Naizen, vilivyoko katika Makumbusho ya Jiji la Kobe, nahodha wa Kireno anatembea chini ya mwavuli, na anayemshikia mwavuli huo ni Mwafrika. Meli hizo zilianzia Goa, na Goa ilikuwa imeunganishwa na Kisiwa cha Msumbiji, kituo cha meli za Wareno zilizotoka Lisbon. Waafrika wengi waliokuwa humo, watumwa kwa mabaharia, walitokana na njia hiyo. Yasuke, aliyefika Japani mwaka 1579 pamoja na Mjesuiti Alessandro Valignano na kuchukuliwa na mtawala Oda Nobunaga mwaka 1581, anatajwa na mwandishi mmoja wa Kijesuiti wa karne ya 17 kuwa mtu wa Msumbiji. Sisemi kwamba mshika mwavuli ni yeye. Naizen hakutuachia jina. Ila huu ni ushahidi wa macho wa safari za watu wa upande wetu wa bahari ambao kumbukumbu za maandishi zimewataja kwa nadra.

Kwamba mtu yeyote anaweza leo kuingia Kobe akaviona viwambo hivyo ni matunda ya mkusanyaji mmoja, Ikenaga Hajime. Wakati wakubwa wenzake walikuwa wakigombea vikombe vya chai, yeye alikusanya vitu vya mkutano wa Japani na Wareno, akavijengea jumba lake la maonyesho, na mwaka 1951, katika hali ngumu ya fedha ya baada ya vita, akavikabidhi vyote kwa jiji. Angeweza kuviuza kimoja kimoja na angepata zaidi. Kwa kipimo changu, Ikenaga amempita Masuda kwa mbali.

Joe Price ni kesi ngumu zaidi, na ndiyo maana inavutia. Mwaka 1953 kijana huyu wa Oklahoma, mtoto wa tajiri wa mabomba ya mafuta, alikuwa New York pamoja na mbunifu wa majengo Frank Lloyd Wright, akaingia duka la sanaa ya Asia na kununua mchoro wa mzabibu bila kujua mchoraji ni nani. Alikuwa Ito Jakuchu, mwana wa muuza mboga wa soko la Nishiki, Kyoto, aliyeishi kati ya 1716 na 1800 na ambaye wataalamu wakati huo hawakumpa nafasi kubwa. Price aliendelea kununua kwa kufuata jicho lake, akisisitiza kwamba michoro hiyo itazamwe kwa mwanga wa mchana unaobadilika, si kwa taa isiyotikisika, jambo ambalo kwa kiwambo cha dhahabu ni ukweli mtupu: dhahabu hupumua wingu linapopita. Mkusanyiko wake ulipoonyeshwa Tokyo mwaka 2006 ulivuta watu zaidi ya 300,000, na kufikia maonyesho ya Jakuchu ya mwaka 2016 walioingia walizidi 400,000 kwa takriban mwezi mmoja, wengine wakipanga foleni kwa saa nyingi.

Kipande chake mashuhuri zaidi ni viwambo viwili vya ndege na wanyama, tembo mweupe akiwa katikati ya kimoja, vilivyochorwa kwa makumi ya maelfu ya viraba vidogo. Wataalamu wakubwa wa Japani wamebishana hadharani kama mkono ni wa Jakuchu mwenyewe au la. Naona ubishi huo ni wa heri, na uliwezekana kwa sababu moja tu: Price alivionyesha. Mwaka 2019 aliuza kazi zipatazo 190, viwambo hivyo vikiwemo, kwa makumbusho ya Idemitsu ya Tokyo. Wapo waliotaka azitoe bure. Mimi sioni aibu katika kuuza; aliuza kwa mkupuo, kwa taasisi, katika nchi zilikotoka.

Wakati huohuo soko la kawaida limeporomoka. Nyumba ya jadi ya Kijapani ina tokonoma, sehemu ya ukuta iliyoingia ndani kwa ajili ya gombo na chombo cha maua, ikifanya kazi ile iliyofanywa na zidaka katika nyumba za mawe za Lamu. Fleti za siku hizi hazina, na warithi hawana pa kutundikia urithi, kwa hiyo magombo ya wachoraji wasio na majina makubwa huuzwa kwa mafungu kwa bei ya kutupa. Gharama ya fundi haikushuka. Kiwambo kizuri cha karne ya 18 au 19 kinaweza kununuliwa kwa fedha ndogo kuliko zile zitakazohitajika kukirejesha katika hali yake, na hapo mnunuzi mwenye haraka huona njia rahisi: atenganishe paneli sita, azitie fremu, auze sita badala ya moja. Karne moja baada ya Gotenyama mkasi bado unafanya kazi, na safari hii hakuna anayevuta kura.

Yapo mahekalu yanayojaribu kurudisha nyuma mkondo. Ryoanji la Kyoto, lililouza milango yake yenye michoro mwishoni mwa karne ya 19, lilinunua upya baadhi yake katika mnada wa New York mwaka 2010. Mengine yameridhika na nakala: kampuni ya Canon kwa kushirikiana na mafundi wa dhahabu wa Kyoto imekuwa ikitengeneza nakala za hali ya juu na kuzitoa kwa mahekalu, na mgeni wa hekalu la Kenninji leo huona nakala ya viwambo vya mungu wa upepo na mungu wa radi vya mchoraji Tawaraya Sotatsu, huku asili yake ikihifadhiwa katika makumbusho ya taifa. Nakala ni suluhisho la heshima pale asili inapohitaji giza. Si suluhisho pale asili ilipo mikononi mwa mtu binafsi ambaye hakuwahi hata kuuliza milango yake ilitoka chumba gani. Ryoanji ililipa bei ya ushindani kwa kitu chake chenyewe kwa sababu kilifika mnadani kama mali nyingine yoyote. Mmiliki anayejua hekalu la asili anaweza kuliandikia kabla ya kutia saini mkataba wa mnada, akalipa nafasi ya kwanza ya kununua kwa bei ya kukubaliana, na kama halina fedha, akaambatanisha jina la hekalu na la chumba na hati za mauzo ili anayefuata asianze upya kutafuta.